Tambuu ya Kuagia

Babu yake mfalme wetu wa mwisho alikuwa na tabia ya kuchungulia wake za watu. Ndiyo maana alipowajengea wake zake mwenyewe, alitia kuta nene kama tumbo la tembo. Mwizi ndiye afungaye mlango kwa makufuli mawili. Njia ya kuingilia akaipindapinda, jicho la mwanamume lisifike ndani hata kwa bahati, na juu ya uwanja akaweka madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama sega la nyuki: sisi wanawake wa ndani tunawaona walio chini, wao hawatuoni.

Humo ndimo ninamoishi, mimi mjakazi Dhapu, na njiwa. Wafalme waliofuata kila mmoja aliongeza ghorofa yake, hakuna aliyeziba paa la mwenzake, kwa hiyo mvua ikinyesha nahama vyumba kama malkia. Chokaa ya ukutani ilisuguliwa hadi ikang'aa kama kioo. Nikipita namwona kikongwe mmoja mle ndani, namwamkia. Haniitikii, ana kiburi.

Bibi Mkubwa, mjane wa mfalme huyo wa mwisho, alikufa huku nikimkanda miguu. Mlinzi wa lango, Pemaram, alikuwa akisimama chini ya dirisha lake kila asubuhi, macho ardhini, kumpa habari. Kwetu mlinzi wa lango haachi kazi mpaka ateremshiwe tambuu ya kutafuna kutoka juu; hiyo ndiyo ruhusa. Bibi Mkubwa akafa bila kuiteremsha. Pemaram alikuwa miongoni mwa waliombeba kwenda kuchomwa, na kesho yake akarudi palepale.

"Bibi Mkubwa, usiku umepita salama. Mbuzi wa kinyozi amezaa mapacha. Yule wa duka la sukari kafukuzwa na mkewe tena."

Nami nikateremsha kikapu kwa kamba, mkate wa uwele ndani na pilipili juu yake. Sauti sikuitoa, mwanamke wa ndani hamsemeshi mwanamume wa nje. Miaka ikaenda hivyo. Sauti ya mtu mwingine haikupanda huku.

Msimu huu wa baridi akaja na mwanawe, Ghevar, anayefanya kazi kiwandani katika mji wa Surati.

"Bibi Mkubwa, magoti yamekataa. Mtoto amekuja kunichukua. Naomba tambuu."

Nikateremsha mkate.

"Baba, twende! Huko juu kuna nani? Njiwa wanakunyea kichwani tu."

"Shusha macho, mshenzi wewe! Unadhani uko sokoni?"

"Lakini Bibi mwenyewe tulimchoma!"

"Tulimchoma, ndiyo. Tambuu alinipa? Hakunipa."

Ghevar akaketi juu ya sanduku lao la bati, akashika kichwa. Nilicheka hadi nikakohoa, kisha kicheko kikanikauka. Nisipoiteremsha, Pemaram haondoki. Kesho atakuja, na keshokutwa. Ni kunyamaza tu, na kunyamaza nakujua.

Asubuhi iliyofuata nikateremsha achari ya embe.

"Njiwa wenu anajua kupika," Ghevar akasema, akilamba vidole.

Siku iliyofuata Pemaram alikuja ameshikwa kwapani. Alipoinama kama ilivyo desturi, magoti yakamwacha, akaanguka vumbini. Ghevar akataka kumwinua, mzee akamsukuma.

"Bibi Mkubwa," akasema akiwa palepale chini, "usiku umepita salama."

Nikaliendea sanduku la shaba la Bibi Mkubwa. Majani yalikuwa tayari ndani ya kitambaa kibichi, tangu siku ile ya kwanza alipoiomba. Nikalipaka jani moja chokaa, nikatia katu na popoo, nikalikunja, nikalibana kwa karafuu. Kikapu kilishuka kwa shida. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikikivuta juu.

Pemaram akatafuna taratibu, akatema, macho bado ardhini.

"Dhapu," akasema, "siku zote pilipili unazidisha, na leo chokaa. Ulimi unaniwaka."

Jina langu! Mchana kweupe, katikati ya uwanja! Hata Ghevar alisahau adabu akainua uso.

"Baba, Dhapu ni nani?"

"Njiwa. Niinue."

Nikawatazama mpaka lango kubwa la kupitia tembo likawameza. Hakugeuka nyuma.

Kesho yake niliamka mapema, nikaoka mkate, nikaweka pilipili, nikakaa dirishani. Usiku ulikuwa umepita salama. Hakuna aliyeniambia; ilibidi nijue mwenyewe.