Ng'ombe wa Krismasi Aliye Kwenye Simu

Kwao Elimringi, kule Kilema, ukoo una sheria moja isiyopindishwa: anayetoa ng'ombe wa Krismasi ndiye anayepewa kidari, ile nyama ya kifua, mbele ya watu wote. Mwaka huu zamu ilikuwa yake yeye, muuza ndoo na mabeseni ya jumla pale Msimbazi. Kidari hicho alikuwa anakiota tangu Pasaka, na mama yake alishaitangazia jumuiya nzima.

Sasa mwone mtu mzima huyu alichofanya. Alijiuliza: Desemba sote tunapanda Moshi, duka limefungwa, hela inakaa bure. Kwa nini isifanye kazi? Akakutana na mambo ya sarafu za mtandaoni. Unanunua sarafu, unaziweka dhamana huko kwenye mtandao wao, nao unakulipa sarafu nyingine juu yake. Ukitaka ruhusa ya kuzitoa wakati wowote, nyongeza ni kiduchu. Ukikubali zifungiwe mpaka Januari, nyongeza inaeleweka.

Akamweleza jirani yake Seifu, muuza vitenge.

"Faida nimeisikia," Seifu akasema. "Hasara iko wapi?"

"Bei ya sarafu inaweza kushuka."

"Ikishuka unatoa chako?"

"Natoaje, na zimefungiwa?"

"Astaghafirullah! Yaani nyumba inaungua, wewe uko ndani, na ufunguo umeutupa dirishani?"

"Ninyi watu wa pwani mnaiogopa hela."

"Hatuiogopi, jirani. Tunapenda tu kuiona."

Elimringi akacheka, akafungia. Zote! Hata haikumjia kwamba hiyo hela inayokaa bure Desemba ndiyo inayonunua ng'ombe. Akili nyingi huondoa maarifa, na huyu zake zilikuwa zimefurika.

Wiki ya Krismasi mama akapiga simu. "Mwanangu, ng'ombe wetu ana rangi gani?"

Hapo ndipo Elimringi akakumbuka hela ya ng'ombe iko wapi. Akamwambia mama mtandao unasumbua, akakata, akabonyeza kutoa sarafu. Ikakataa. Akabonyeza tena kwa kidole kingine, kana kwamba tatizo ni kidole. Sarafu zilikuwa zimeongezeka kweli, ila bei ilikuwa imeporomoka vibaya. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kufika nyumbani mikono mitupu, tena kwenye zamu yako! Heri kulazwa.

Akamwendea mkewe, aliyekuwa anafunga mabeseni kwa kamba. "Mama Goodluck, nimeharibu." Akamwaga yote.

Blandina hakuacha kufunga. "Ng'ombe yupo."

"Yupo wapi?"

"Kwa wifi Candida, kule Kilema. Si nilimwekesha mtamba wangu kule? Yeye anakamua maziwa, samadi anatia kwenye migomba yake, mimi nachukua ndama. Dume la kwanza limeshakua, linatosha ukoo."

Elimringi alitaka kumkumbatia, lakini wateja walikuwepo. Ujeuri ukamrudia kidogo. "Na kama mtamba angekufa?"

"Ningelia. Ila akianza kuumwa tu, Candida ananipigia, tunachinja, tunakula nyama. Wako akiumwa unamfanyaje, Baba Goodluck?"

Simu ya Elimringi ikaita, mama tena.

"Candida kanionyesha dume la mkeo. Limenona! Na wako je?"

Uongo ulimjia mpaka kwenye ulimi, akaumeza. "Yupo, mama. Anazaa, ila anakonda."

"Mlete hivyohivyo tumchinje."

"Hachinjiki mpaka Januari."

"Basi kidari ni cha mkeo," mama akasema, akakata.

Jioni wakavuta mlango wa duka, mabegi yako chini, Seifu anawaaga huku anajizuia kucheka. Elimringi akainama kwenye sikio la mkewe.

"Mama Goodluck, si utanimegea hata kipande?"

Blandina akatia kufuli, akalivuta kuhakikisha limekamata.

"Ukisubiri mpaka Januari," akasema, "nitakupa na nyongeza."