Aliyemwitikia Mwanawe

Kwa jina la Mola aliyezitofautisha ndimi za waja wake, kisha akawapa wote uchungu wa namna moja, naanza. Sifa zote ni zake, na rehema zimfikie Mtume wake na jamaa zake walio wema.

Watu wa habari hii ni wachache. Wa kwanza ni mshonaji, mjane, mwenye cherehani moja iliyokaa dirishani. Wa pili ni bintiye wa pekee, mfungaji maboksi katika kiwanda cha sabuni. Wa tatu ni jirani wa chumba cha pili, mwenye ulimi mkali na moyo mweupe. Wengine wawili, mwalimu wa Kirusi na karani wa ofisi ya ufadhili, mshonaji aliwaona kwanza kwenye kioo cha simu.

Binti alikuwa ameandikwa katika orodha ya watakaopelekwa Urusi kusomea uuguzi, kwa sharti moja: amalize wiki kumi za Kirusi cha mwanzo katika darasa la asubuhi la mtandaoni, wala asikose zaidi ya vipindi viwili. Lakini zamu za kiwandani hazikulijua sharti hilo. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, na simu hairuhusiwi kuvuka geti. Basi wiki za asubuhi simu ilibaki nyumbani, na jina la binti lilipoitwa, mama aliitika "zdes", yaani nipo, kamera ikiwa imefungwa. Kisha alisikiliza huku akipiga pindo, akaziandika herufi kwa chaki ya fundi juu ya mabaki ya kitambaa, na binti aliporudi akampokeza somo zima. Ile herufi iliyo kama kiti kilichopinduliwa, mama aliijua kabla ya mwanawe.

Mtihani wa mdomo ulipangwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Msimamizi wa zamu alimwahidi binti kumwachia saa tatu. Saa tatu na nusu ilipogonga binti hajafika, jirani akapita mlangoni na ndoo yake.

"Shoga, umeshaamkia Urusi?"

"Nipo hapa hapa. Bando limepanda tena. Hela ya saa tatu, leo nimepewa saa moja."

"Watakuuzia na pumzi hao. Mwanao yuko wapi?"

"Njiani. Ameruhusiwa."

"Na nani, yule mwenye funguo shingoni? Yule akikuahidi mvua, wewe anika nguo."

Mshonaji akacheka kidogo, akachungulia njiani. Hapakuwa na mtu.

Saa nne mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akaanza kuita majina. Jina la binti likaitwa. "Zdes," akasema mshonaji, macho yake yakiwa bado kwenye mshono. Kinywa kilikuwa kimezoea.

Hapo ndipo karani alipojitokeza kwenye kioo, tai imembana koo, akatangaza kwamba kila mtahiniwa atafungua kamera zamu yake ikifika.

"Zima," jirani akanong'ona. "Sema bando limekwisha."

"Wakimkosa watamkata."

Walikuwapo tisa mbele yake. Mshonaji aliwasikiliza mmoja mmoja, akawa akijibu moyoni, na kila baada ya mmoja akatazama njiani. Jina la binti likaja. Akafuta mikono kwenye gauni, akafungua kamera.

Mwalimu akamkazia macho, kisha akamuuliza kwa Kirusi, polepole, yeye ni nani.

"Ya mama," akajibu. Mimi ni mama. Akatafuta maneno mengine, akayapata: "Doch na rabote." Binti yuko kazini.

Mwalimu akatabasamu, akataka kuuliza tena. Karani akamkatiza.

"Mama, huu ni mtihani. Mwenye jina yuko wapi?"

"Nimeshasema, baba. Kazini. Aliahidiwa ruhusa. Msubiri nusu saa tu."

"Kusubiri si shida. Anayezuiwa kazini huleta barua ya mwajiri, tukampangia siku nyingine. Leo tumewapangia wawili, Jumatatu. Lakini wako daftari linasema yupo. Ameitika."

"Nimeitika mimi."

"Ndilo hilo. Na vipindi vya nyuma?"

Mshonaji alikuwa ametoka kwenye mswala alfajiri ile ile. Hakuweza kuongeza uongo juu ya uongo.

"Vyote vya wiki za zamu yake ya asubuhi," akasema. "Hiyo habari ya barua, mlituambia lini?"

"Imo katika masharti, ukurasa wa kumi na nne."

"Kwa lugha gani?"

"Lugha ya ofisi. Mama, namfuta."

"Nifute mimi."

"Wewe hukuwamo."

Mwalimu akasema kitu kirefu kwa Kirusi. Mshonaji alishika maneno mawili tu, "mama" na "vizuri", kisha kioo kikawa cheusi.

Binti alifika saa sita, anahema, barua mkononi.

"Mama, waliugua wawili kwenye mstari wetu wa maboksi, msimamizi akanikatalia. Mwenzangu dada yake yumo darasani, ndiye aliyeniambia kuna barua. Nimemsimamia mpaka akagonga muhuri. Tutume sasa hivi."

Mama akamweleza yote, bila kujitetea. Binti akaketi juu ya robota la vitambaa.

"Kumbe ungenyamaza tu," akasema.

"Ningenyamaza tu."

Binti akaiweka barua dirishani, kando ya cherehani. Kisha akasimama.

"Ruhusa yangu mwisho saa saba. Nikichelewa, na kazi nayo itakwenda."

Akarudi kiwandani. Mshonaji akaifunika cherehani, akachukua barua, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya ufadhili. Mlinzi akapitisha kidole kwenye karatasi yake.

"Karani hapokei walio nje ya orodha, mama."

"Sikuja kupokewa. Nimekuja kukaa."

"Ukae mpaka saa ngapi?"

"Wewe unafunga saa ngapi?"

Akaketi kwenye benchi la ukumbini, barua imelala mapajani, muhuri juu, kila apitaye auone. Karani akapita mara mbili. Mara ya tatu alizunguka kwa mlango wa nyuma.

Ewe Mola, wape subira isiyo unyonge wote waliobaki kwenye mabenchi ya ofisi, uwafungulie milango kwa mkono wa haki, na mabinti walio kwenye zamu uwarejeshe kwa mama zao wakiwa salama. Amin.