Sijambo ya Mama Pamba

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa na mistari saba tu, na Mama Pamba alishaisoma mpaka akaikariri. Hata hivyo, alipokuwa akipanda ngazi kwenda kwa wakili, ghorofa ya pili juu ya duka la fotokopi, aliifungua tena, huenda maneno yamebadilika njiani. Hayakubadilika. Roho ilikuwa juu juu. Maisha yake yote hajawahi kukanyaga ofisi ya mwanasheria. Kwa mawazo yake, watu wanaoingia humo ni wa aina mbili tu, wenye mashamba ya kugombania na wenye waume wa kuachana nao. Yeye hakuwa na shamba, na mume alishamzika.

Jina la Pamba alipewa na wateja. Alikuwa msusi kwa miaka ishirini na sita, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba watu wazima na akili zao walisinzia kitini pake wakakoroma mdomo wazi, huku mistari ikinyooka kichwani. Lakini tangu ajali, vidole vitatu vya mkono wa kulia, gumba na viwili vinavyolifuata, vilikuwa vimekufa ganzi. Maumivu yalikuwa shingoni. Vidole vyenyewe havikuuma wala havikuwasha, vilikuwa kama si vyake. Sasa alisuka kwa macho. Mwezi uliopita mteja wake wa siku nyingi alishika kichwa akasema, "Mama Pamba, leo umenivuta kweli," na hakurudi hata kufumua.

Daktari alimweleza bila kumzungusha. Mshipa wa fahamu umebanwa shingoni, lazima afanyiwe upasuaji, na miezi sita ikipita tangu siku ya ajali, vidole hivyo asivitegemee tena. Minne na nusu ilikuwa imeshapita. Upasuaji huo ulikuwa juu ya uwezo wa familia nzima, na aliyepaswa kuulipia ni kampuni ya bima ya pikapu iliyowagonga yeye na mkwewe, mume wa binti yake. Ndiyo hiyo iliyoandika mistari saba ya kukataa.

Wakili alikuwa mwanamke kijana. Mama Pamba, kabla hajaona vyeti ukutani, aliona nywele. Mistari ilikuwa imepinda nyuma ya sikio, na msuko mmoja ulikuwa umeanza kufumuka. Alisikitika sana. Huyu ndiye wa kunitetea mimi, alijisemea, na kichwa chake mwenyewe hakuna aliyekitetea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Karibu kiti. Hujambo?"

"Sijambo."

Wakili aliweka kalamu chini. "Hapo hapo, mama. Hapo ndipo walipokukamatia."

Binti wa Mama Pamba alikuwa ameleta nakala za karatasi wiki iliyotangulia, na wakili alishaiomba kampuni rekodi ya simu inayotajwa kwenye barua. Aligeuza kompyuta, akabonyeza. Sauti ya kijana ikajaa chumbani, tamu, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka bima. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Habari za kazi?"

"Nzuri mama. Vipi afya?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

"Shingo inaendeleaje?"

"Aa, ndiyo hivyo mwanangu, tunaendelea vizuri. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mama. Haya, nashukuru, siku njema."

Mama Pamba alisikiliza sauti yake ikicheka mle ndani, akatamani ardhi ipasuke. Alikumbuka siku ile. Alikuwa amekaa na simu sikioni akimngoja kijana amalize salamu aingie kwenye shughuli, ili amweleze vidole, na kijana akakata. Alidhani mtandao umepotea. Alikaa na simu mapajani karibu saa nzima akimngoja apige tena.

"Lakini ile ni salamu!" alisema. "Nani anaamkiwa akaanza kutaja magonjwa?"

"Najua, mama, na hilo nitapambana nalo. Lipo lingine zito zaidi." Wakili akamsogezea karatasi. "Hii ni fomu ya shahidi, aliyekuwa anaendesha gari mlilopanda. Soma hapa."

Ilikuwa hati ya mkwewe, safi, kila herufi imesimama peke yake. *Mama mkwe hakuumia. Hajambo kabisa.*

"Si kosa lake," Mama Pamba alisema haraka. "Mimi ndiye niliyemwambia hivyo."

"Basi mwambie vingine. Tutakuwa na kikao cha usuluhishi baada ya siku nane, mbele ya mtu wao na msuluhishi. Mkweo lazima aje, na lazima awe anajua ukweli kabla ya kuja. Akisikia mle ndani kwa mara ya kwanza atababaika, nao watasema tumepanga hadithi. Mimi nakuchukulia kesi yako, mama, na malipo yangu yatasubiri mpaka tushinde. Ila hilo siwezi kukufanyia."

Mama Pamba alitia saini mkataba huku akiitazama kalamu, maana asipoitazama ilimponyoka.

Sasa mtu atauliza, kumwambia mkwe kuna ugumu gani? Atakayeuliza hivyo hajawahi kuwa na mkwe kama huyu. Alikuwa fundi wa jokofu, mpole, mwenye haya, ambaye kwa miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumwita mama mkwe wake kwa sauti kutoka chumba cha pili. Alifuata mpaka mlangoni, akasimama, akasema. Siku ya ajali alimkuta akifunga saluni akamwambia, "Mama, usitembee na jua hili, panda nikufikishe." Yeye alitaka kutembea. Mkwe akasisitiza kwa adabu, akamfungulia mlango. Kwenye taa nyekundu, wakiwa wamesimama kabisa, pikapu ya mikate ikawavaa kwa nyuma. Hospitali, mwanamume yule alilia kwenye korido mbele za watu, na Mama Pamba, shingo ikimwaka moto, akamwambia, "Baba, nyamaza, mimi sijambo." Tangu hapo akawa amefungwa na neno lake. Binti alijua yote, naye alikuwa amekatazwa kufungua mdomo. Mkwe aliambiwa kwamba wakili ni wa kufuatilia gharama za eksirei tu.

Gari lilitengenezwa nyuma, likapigwa rangi, likatoka gereji linameremeta. Gari lilipona mapema sana.

Siku nane si haba, ukiwa na la kusema. Kila asubuhi mkwe alisimama mlangoni, sanduku la vifaa mkononi. "Shikamoo mama. Umeamkaje?" Na kila asubuhi Mama Pamba, aliyekuwa amekesha akipanga maneno, alifungua kinywa yakatoka yale yale. "Salama, baba. Kazi njema." Siku ya tatu alifika mbali kidogo, akasema, "Baba, kuna jambo," mkwe akageuka na uso uliojaa hofu, naye akamalizia kwamba bomba la jikoni linavuja. Bomba lilikuwa zima. Mkwe alilikagua robo saa nzima, akabadilisha mpira wake, akashukuru kwa kuambiwa mapema. Mama Pamba alijichukia. Siku ya sita chakula kilianza kumshinda. Siku ya saba binti alimvuta pembeni akamnong'oneza, "Mama, usipomwambia wewe namwambia mimi," naye akamjibu, "Ukithubutu sina mtoto." Baadaye alijifungia bafuni akalia, kwa kuwa yule mtoto alikuwa anamtetea.

Siku ya nane wakili aliwakuta kwenye korido ya jengo la usuluhishi, mkwe kavaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Akamtenga mteja wake kando.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Mama!"

"Nilijaribu mwanangu. Wallahi nilijaribu."

Wakili alitazama dari, akapumua. Hakukuwa na muda tena, waliitwa.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, kipoza hewa kilichopiga kelele, na mashine ndogo ya kurekodi katikati. Msuluhishi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikaa mwisho wa meza. Upande wa pili alikaa kijana aliyevaa tai, na alipofungua kinywa Mama Pamba aliitambua sauti. Mkwe alikaa kulia kwa Mama Pamba, mkono mbovu wa mama ukiwa umelala kwenye benchi kati yao.

"Shikamoo mama," kijana alisema, akatabasamu. "Hujambo?"

"Sijambo."

Lilitoka lenyewe. Kalamu ya kijana ikatembea karatasini. Mama Pamba alisikia wakili akivuta pumzi, na jasho jembamba likamshuka mgongoni. Aliiona miezi sita ikiisha pale pale mezani, mbele ya macho yake, kwa sababu ya adabu. Hasira ikampanda, hasira ambayo hakujua kama anayo.

"Mwanangu, unaandika nini?"

"Jibu lako, mama."

"Lile si jibu. Umeniamkia, nimeitikia, kama nilivyoitikia kwenye simu, kwa sababu nina adabu na nilidhani na wewe unayo. Hujaniuliza kitu bado. Niulize sasa."

Kijana alimtazama msuluhishi. Msuluhishi akavaa miwani. "Muulize," alisema.

"Haya, mama. Je, uliumia?"

Mama Pamba alipiga moyo konde. Hakuthubutu kutazama kulia kwake. "Niliumia. Shingo hainipi usingizi. Vidole hivi vitatu havina fahamu, hata ukivichoma sindano. Mimi ni msusi, na ninasuka watu bila kujua kama nimeshika nywele au hewa. Wateja wanakimbia. Daktari amenipa miezi sita, na imebaki mmoja na siku chache. Sikumwambia mkwe wangu kwa kuwa yeye ndiye aliyeniomba nipande gari, na niliona akijua atavunjika. Ni hivyo. Andika na hilo."

Kipoza hewa kiliendelea na kelele zake. Kijana aliivuta ile fomu, akaisukuma mbele ya mkwe.

"Bwana, hii ni hati yako? Umeandika hajambo kabisa. Unaishi naye nyumba moja. Ulidanganya siku ile, au mnadanganya leo?"

Mkwe hakuigusa karatasi.

"Nilidanganya siku ile," alisema.

"Una maana yeye ndiye aliyekudanganya?"

"Hapana, mimi. Kabla sijajaza hiyo fomu, jioni moja nilifika mlango wa jikoni, nikamwona mama ameshika mfuniko wa sufuria iliyo motoni, mkono mtupu. Hakushtuka. Aliuweka taratibu tu, akaendelea kukoroga. Kesho yake nikaona malengelenge, akaniambia ni sindano ya kushonea nywele. Nilijua. Kila asubuhi namuuliza ameamkaje, na namwomba Mungu aseme salama, maana akisema vingine, mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa gari. Nikaandika nilichotaka kiwe kweli."

Wakili, ambaye alikuwa ameandaa kurasa nne, alizifunga.

Msuluhishi alivua miwani, akamgeukia kijana. Jalada linafunguliwa upya leo, alisema. Barua ya daktari inaingia, ile simu inatoka. Kampuni ilete jibu la upasuaji kabla ya Ijumaa, na asisikie habari za likizo za wakubwa. Kijana alisema atawasiliana na ofisi. Msuluhishi akamwambia awasiliane sasa hivi, hapa hapa. Kijana akatoa simu akaanza kubonyeza, na watu wote wanne wakakaa kumngoja, wakisikiliza mlio unaita upande wa pili bila kupokelewa.

Mama Pamba hakuweza kumtazama kijana, wala wakili, wala uso wa mkwewe, kwa hiyo akatazama chini, kwenye benchi. Mkwe alikuwa amemshika mkono, vile vidole vitatu, amevikumbatia kwa kiganja chake chote kwa nguvu mpaka vifundo vyake vimebadilika rangi. Tangu lini, Mama Pamba hakujua.