Ngozi Yenye Makovu

Adelino Sampaio aliacha shule darasa la nne, akakata ngozi za viatu mjini Felgueiras, Ureno, kwa kisu na jicho tu mpaka kiwanda kikawa chake. Sasa alikuwa diwani pia. Alhamisi halmashauri ingepiga kura: pesa zijenge kipilefti kwenye barabara ya kwenda Porto, au zinunue mashine ya kukata ngozi kwa ajili ya shule ya ufundi ya serikali. Madiwani wengine waligawanyika nusu kwa nusu. Kura iliyobaki ilikuwa yake, na mji mzima ulijua ni ya kipilefti.

Jumatatu Filomena, mwalimu wa shule hiyo, alimfuata kiwandani. Adelino akamwambia wazi kwamba shule haijawahi kumfundisha mtu kukata ngozi. Mwalimu hakubishana. Alisema wameazimwa mashine kwa wiki moja, basi aje ashindane nayo, na atakayeshindwa anunue keki ya Margaride, ile ya mayai inayosifika mjini hapo.

"Nunua kubwa," Adelino akamjibu. "Watu wangu wanakula sana."

Kesho yake alifika shuleni na kisu chake. Zilitandazwa ngozi mbili zinazolingana, zote zina makovu ya waya wa miiba wa malishoni. Kwenye kompyuta alikaa mwanafunzi aitwaye Vânia. Mashine ikatoa jozi kumi na sita. Adelino akatoa kumi na saba, akafuta kisu kwenye suruali na kuuliza keki inaletwa saa ngapi.

Vânia alikuwa ameinamia mabaki.

"Mzee, makovu yako wapi? Mashine imeyakwepa yote. Kwenye mabaki yako silioni hata moja."

"Yamo kwenye viatu, binti."

Akamwonyesha ukingo unaokunjwa chini ya soli, mahali asipochungulia mnunuzi yeyote. Vânia akampa chaki, akamwomba aonyeshe na mengine. Adelino akachora: kovu fupi lifichwe chini ya gundi ya kisigino, ngozi ya tumbo isiwekwe mbele ya kiatu kwa sababu inavutika. Hakuwahi kumweleza mtu mambo hayo. Wakataji wake walijifunza kwa kuharibu, na wenye akili walihamia Luxembourg kabla hawajaiva.

Vânia aliyaingiza yote kwenye kompyuta, ikamchukua saa nzima. Zikaletwa ngozi mbili nyingine. Adelino akatoa kumi na saba. Mashine ikatoa kumi na nane, na ilimaliza yeye akiwa bado katikati.

Adelino akahesabu vipande mara mbili. Alimkumbuka mnunuzi wake Mjerumani, aliyepiga simu kusema kwamba kiwanda cha mbali kinauza nafuu. Kushindana nacho kwa kupunguza mishahara asingeweza, wala hakutaka. Kwa namna hii angeweza.

"Huyu binti akimaliza masomo, aje kwangu," alimwambia mwalimu.

"Akimaliza," mwalimu akamjibu. "Mwaka jana ulinichukulia wawili wakiwa katikati ya masomo."

"Nilifanya ujinga. Nikija tena mapema, nifungie geti."

Alhamisi aliinua mkono kwa ajili ya mashine. Mwenyekiti alidhani hakusikia vizuri, akasoma hoja upya. Adelino akauacha mkono pale pale juu.

Nje, diwani mwenzake akamuuliza kwa hasira watu wa barabara ya Porto wataambiwa nini.

"Waambie wapunguze mwendo," Adelino akasema, akavuka kwenda kununua keki.