Mapatano ya Mama Pacha na Kipaza

Mama Pacha alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha mikate, na kama kuna kitu alichonyimwa, ni sauti. Akili alipewa ya kumwaga. Lakini akisema jambo kwenye kikao cha asubuhi, wanaume waliokuwa wakikoroga chai waliendelea kukoroga. Baada ya muda mmoja wao angejikohoza, akalisema jambo lilelile, na mkurugenzi angetikisa kichwa kukubali: "Hilo sasa ndilo wazo." Mama Pacha angeinamisha uso na kulikunjakunja pindo la koti lake jeupe.

Aliyemzindua ni Kipaza, msimamizi wa ufungashaji. Jina hilo alipewa kwa sababu ya koo lake. Aliweza kumwita mtu upande wa pili wa ukumbi, mashine zote zikinguruma, na mtu akaitika. Siku moja alimkuta Mama Pacha chooni akijipangusa macho baada ya kikao.

"Shoga, ukimaliza kulia tupange," alimwambia.

"Tupange nini?"

"Wewe ukisema, mimi narudia, na jina lako nalitaja. 'Kama alivyosema Mama Pacha.' Nikisema mimi, unarudia wewe. Tuone wataibaje kitu kilichokwisha bandikwa jina."

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Kesho yake Mama Pacha alisema kwamba tatizo la mikate kuota ukungu si unga, ni unyevu wa stoo. Vijiko vikaendelea kugonga vikombe. Hapo Kipaza akafungua koo: "Kama alivyosema Mama Pacha, tatizo ni stoo." Mkurugenzi akageuka kumtazama Mama Pacha kana kwamba ndiyo kwanza ameingia mlangoni.

Tangu hapo wakawa wanakula njama kabla ya kila kikao. Waliacha kuanza maneno yao na "samahani, labda nakosea." Waliacha kukaa pamoja, wakawa wanakaa wakitazamana ili mmoja aone mwenzake anapokaribia kukatizwa. Kuwamiminia watu chai nako Kipaza alikukomesha. "Kila mtu ana mikono," alisema, akaketi. Naye Mama Pacha alimsaidia mwenzake kupanga hoja zikae sawasawa, na alimkanyaga mguu chini ya meza kila alipoanza kupandisha mori, kwa maana wanaume wale walikuwa wepesi wa kusema, "Huyu naye anapiga kelele tu."

Mambo yakawanyookea. Meneja wa uzalishaji alipostaafu, kiti kikaenda kwa Mama Pacha. Wanawake wa ufungashaji walipiga vigelegele, na Kipaza akalia machozi mbele ya watu bila kuona haya. Mama Pacha akahamia juu, kwenye ofisi yenye dirisha linalotazama ukumbi wa ufungashaji.

Hakuwa amekizoea kiti hicho mkurugenzi alipomwita.

"Nimekuweka hapa kwa sababu una busara," alimwambia kwa upole. "Lakini watu wanasema wewe na yule mwenzako mnapigiana debe. Sasa wewe ni wa kiwanda, si wa mtu. Nadhani umenielewa."

Mama Pacha alijibu kwamba ameelewa. Alitoka akijiambia kuwa lile lilikuwa shauri tu, tena la nia njema. Atulie kwanza, akubalike. Akishakubalika atawavuta na wenzake.

Wiki hiyohiyo binti mmoja wa zamu ya jioni aliviziwa na vibaka akirudi nyumbani. Walimsukuma, wakampora mkoba, na alipoanguka mkono ukavunjika. Kipaza aliingia kikaoni na hoja iliyopangika vizuri: magari ya kusambaza mikate hurudi matupu saa ileile zamu ya jioni inapotoka, kwa hiyo gari moja liwapeleke wanawake makwao. Alisema bila kupandisha sauti, kama alivyofundishwa. Akamaliza, akamtazama Mama Pacha.

Mkuu wa usambazaji alicheka. "Magari yangu ni ya mikate, si ya abiria." Wengine wakacheka naye. Akanywa chai, akaweka kikombe. "Ila nilikuwa nafikiria, gari moja lingeweza kuwachukua mafundi wa tanuri. Hao wakichelewa, kiwanda kinalala."

"Hilo linafaa," alisema mkurugenzi. "Meneja, una la kuongeza?"

Kipaza alikuwa bado anamtazama. Sentensi yenyewe Mama Pacha alikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi. Aliimeza kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Hapana," alisema. "Tuendelee."

Jioni alimsimulia mumewe, fundi cherehani aliyefanyia kazi barazani. Alisimulia akizungukazunguka, akitaja siasa za ofisi na umuhimu wa subira. Mumewe alikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo alikutazama, nawe ukafanyaje?"

"Nikanyamaza. Ungekuwa wewe?"

"Mimi nashona nguo, mke wangu. Ninachouliza ni hiki: yeye yuko wapi sasa hivi, nawe uko hapa unanieleza mimi."

Mama Pacha alimkasirikia, akaingia ndani. Lakini asubuhi alishuka ukumbini kabla mashine hazijawashwa, akamkuta Kipaza akipanga mifuko.

"Karibu, meneja," alisema Kipaza.

Neno hilo lilimchoma. "Usiniite hivyo, shoga. Nimekuja tuongee. Nilikuwa nangoja wakati wake. Nikishaimarika pale juu..."

"Ukishaimarika utakuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Siku hiyo ndiyo utasema?" Kipaza hakuacha kupanga mifuko. "Yule binti alitaka kuacha kazi kabla hajavamiwa, anaogopa njia. Mimi ndiye niliyemwambia asiwe na wasiwasi, tuna mtu juu."



Kikao kilichofuata Kipaza hakuja peke yake. Wanawake wa ufungashaji waliingia na aproni zao, wakajipanga ukutani, na binti mwenye mkono uliofungwa plasta akasimama katikati. Walisema mmoja baada ya mwingine. Huyu alieleza kichochoro anachopita, yule alieleza jinsi anavyokimbia viatu mkononi. Mkuu wa usambazaji alipojaribu kumkata mmoja, yule aliyefuata alianza pale mwenzake alipokatizwa. Kipaza mwenyewe hakufungua mdomo.

Mkurugenzi alimgeukia Mama Pacha. "Meneja, hawa ni watu wako. Waambie warudi kazini."

Mama Pacha alisimama. "Wazo la gari ni la msimamizi wa ufungashaji," alisema. "Lilitolewa hapa, mimi nikiwepo, nikanyamaza. Naliunga mkono, na lianze leo."

Hakuna aliyerudia maneno yake. Hata hivyo yalisikika, kwa maana chumba kilikuwa kimya kama maji mtungini. Mkurugenzi aliwatazama wanawake wale wote, akaona hawatoki, akasema gari litoke.

Gari likatoka. Kipaza akachaguliwa mwakilishi wa wafanyakazi, na baada ya hapo hata mkuu wa usambazaji alikuwa akimpisha mlangoni. Mama Pacha hakuondolewa kwenye kiti chake. Ila mkurugenzi aliacha kumwita kwa mashauri, na maamuzi yakawa yanamfikia yakiwa yamekwisha pikwa, yeye ni kutia saini tu. Alianza kuelewa kwamba alichopewa mwanzoni hakikuwa kikubwa kama alivyodhani, naye ili kukilinda alikuwa ametoa kitu kikubwa zaidi.

Siku moja wakati wa mapumziko alishuka ukumbini. Wanawake walimsogelezea nafasi kwenye benchi kwa heshima, na mazungumzo yakabadilika, wakaanza kuzungumzia mvua. Alipobaki na Kipaza, alisema, "Nilikukosea."

"Najua," alisema Kipaza. "Na siku ile ulisimama, hilo nalo nalijua."

"Basi tutarudi kama zamani?"

Kipaza alifikiri, na Mama Pacha akaona kwamba anafikiri kweli, hamkomoi. "Sijui," alisema. "Nikiwa nasema kikaoni, siku hizi sitazami upande wako tena. Macho yamezoea hivyo."

Mashine zikawashwa. Kipaza akavaa glavu, akaita wenzake kwa lile koo lake. Mama Pacha akasimama kidogo kati ya mikate iliyokuwa ikipita, kisha akapanda ngazi kurudi ofisini.