Barua za Siku ya Mvua

Zully, mwenzangu, alipoondoka Paysandú, huku Uruguay, kwenda Mallorca kumtunza bibi kizee wa Kihispania, tulikubaliana jambo moja: mvua ikinyesha, nimwandikie. Huku kwetu ikinyesha kila nyumba inakaanga torta frita, mkate mwembamba wenye tundu katikati, kwa mafuta ya ng'ombe. Zully alisema kule mvua haina harufu.

"Wewe niambie tu kwamba mmekaanga," alisema. "Mengine nitajijazia mwenyewe."

Mimi ni fundi wa matairi. Shule niliiacha mapema, na kuandika kunanitoa jasho kuliko tairi la trekta. Lakini mvua ikianza nilifunga karakana, nikavuka barabara mpaka kwa Chela, mwenye duka la intaneti, nikagonga herufi kwa kidole kimoja. Zully alijibu. Mwaka mzima alijibu. Simu hatukuitegemea, maana ya nyumba ile wana wa bibi waliitia kufuli.

Kisha, majani yalipoanza kudondoka, akaandika hivi: "Mkataba unaisha Juni. Wananitaka miaka miwili mingine. Ukisema njoo, nakuja. Ukinyamaza, nitajua umeshazoea, nami nitatia sahihi."

Sikungoja mvua. Siku ileile nilijibu: "Njoo. Nimepaka rangi jikoni." Kisha nikaenda kununua rangi, isije ikawa uongo.

Kimya.

Mvua ikaja, nikaandika. Ikaja nyingine, nikaandika. Nikamwambia tumekaanga, nikamwambia rangi ni ya manjano, nikamwambia mbwa bado analala mlangoni pake. Kimya. Jioni nilichemsha maji ya yerba mate, chai yetu ya majani machungu inayonywewa kwa mrija, nikanywa peke yangu kwenye kikombe tulichokuwa tukipokezana, na kila nilipomaliza kuvuta, mkono ulitaka kumpa mtu wa upande wa pili. Sikuwa na hasira. Heri ningekuwa nayo.

Mimi pia ni katibu wa klabu yetu ya mchezo wa kurusha mipira. Klabu haina anwani ya barua pepe, kwa hiyo matangazo yote yalitoka kwenye anwani yangu: bahati nasibu, mashindano, nyama choma, njoo na kisu chako. Nilikuwa natuma kwa mji mzima. Jumapili moja ya Mei tulichoma mbavu za ng'ombe, wakaja watu wachache, wale niliokutana nao njiani. Kesho yake Walter mwenye bucha akanivamia karakana.

"Wilmar, mnakula nyama mnanificha? Tena nyama yenyewe mmenunua kwangu!"

"Nilikuandikia, bwana."

"Uliniandikia wapi? Mtoni?"

Nikavuka kwa Chela nikiwa nimefura. Nilimwambia mashine zake zimeoza.

"Mashine zangu zina afya kuliko wewe, bonge," alisema bila kuinua macho kwenye sweta aliyokuwa akifuma. "Haya, nitumie mimi neno lolote."

Nikamtumia "Umeoza." Akafungua sanduku lake la barua. Hamna. Akafungua pembeni, palipoandikwa Taka. Lilikuwa pale, kati ya tangazo la dawa ya upara na mtu anayegawa urithi wa mfalme.

"Mungu wangu," Chela alisema. "Wewe ni taka."

"Acha utani, mama."

"Sitanii. Keti." Akasogeza kiti. "Hizi kampuni za barua zina kichujio. Kila anayetuma anawekewa alama. Watu wakikufungulia, wakakujibu, alama yako inapanda. Wakikubonyeza taka, inashuka. Ikishuka sana, barua yako haisomwi hata vizuri, inatupwa. Unacheza truko, si ndiyo?"

"Nacheza."

"Dario akipaza sauti kwamba ana karata kubwa, nani anamwamini?"

"Hakuna. Anadanganya toka utoto."

"Na siku akiwa nayo kweli?"

Dario aliwahi kuwa nayo kweli. Tulimcheka.

"Mji mzima umechoka na bahati nasibu zako, bonge. Hata mimi nilikubonyeza. Usinitazame hivyo! Uliniuzia tikiti ya mwana-kondoo mwaka mzima, huyo mwana-kondoo sasa ni babu."

Hapo ndipo nilipouliza: "Na Zully?"

Chela akaacha kufuma. "Zully yumo kwenye orodha ya klabu?"

Alikuwamo. Kachumbari yote ya klabu alitengeneza yeye.

Chela akamwandikia kwa anwani yake mwenyewe, ambayo haijawahi kumuuzia mtu kondoo: "Fungua sanduku la taka. Wilmar yumo humo." Nikarudi karakana nikaziba tairi lisilotoboka.

Jibu lilikuja kesho yake. Chela aliniita kwa kupiga mluzi kutoka mlangoni, kisha akatoka nje akaniachia kiti.

Zully aliandika kwamba yale matangazo ya nyama yalikuwa yanamliza. Aliyafungua akiwa amekaa kitandani, ndani ya nyumba ya watu, akasikia visu. Siku moja akabonyeza taka ili klabu imwache apumue. Hakufikiri kwamba klabu na mimi tunatoka mlango mmoja. "Nilitaka kufunga kiwanja cha klabu," aliandika, "nikakufungia wewe."

Chini yake: "Nilingoja jibu lako mpaka wiki iliyopita. Kisha nikatia sahihi. Miaka miwili, Wilmar. Tikiti yangu ya ndege wanaishika wao."

Nilisoma tena pale penye "wiki iliyopita." Nje jua lilikuwa kali, mbwa wa Chela amejinyoosha barabarani. Nilitaka mvua ije hata ya kuharibu mapaa.

Kulikuwa na barua nyingine nyuma yake, na nyingine. Alikuwa amezitoa barua zangu takani moja moja, akabonyeza kwamba hii si taka, akajibu kila moja kwa mpangilio wake. Ile ya kukaanga: "Mmetia chumvi ya kutosha?" Ile ya mbwa: "Mruhusu aingie." Ya rangi ya manjano: "Manjano gani, ya yai au ya limau?" Ile ya "Njoo" aliiweka mwisho. Aliijibu kwa neno moja: "Nakuja."

Chela alirudi akaniuliza kama nataka anifungulie anwani mpya, safi, isiyo na historia.

"Hii hii," nilimwambia. "Klabu ndiyo itafutiwe nyingine."

"Itachukua muda kusafishika, bonge."

"Muda ninao. Miaka miwili."

Nikavuta kiti. Anga lilikuwa jeupe, halina wingu. Nikaanza kugonga kwa kidole kimoja: "Zully. Leo hakunyeshi, lakini nimekaanga. Manjano ya yai."