Jokofu la Otilie Vraz

Kiangazi kile Chicago iliwaka kama tanuri, na mwenye nyumba wetu akaamua kututoa ushamba. Alifunga mashine kubwa chini ya jengo, akapitisha mabomba ukutani, na kila jiko likapata jokofu jeupe lisilohitaji barafu ya mtu.

Aliyefurahi kupita wote ni Otilie Vraz, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Sote wawili tulizaliwa Bohemia, nchi ya Wacheki, tukaletwa Amerika tungali wa kubebwa. Jikoni kwake alikuwa amebandika picha za magazetini, wanawake wembamba wakicheka mbele ya majokofu yao. Sasa naye alikuwa na lake la kuchekea.

Bruno, muuza barafu, alipopita na gari lake la farasi, Otilie alimpigia kelele dirishani: "Mzee Bruno! Barafu siku hizi tunajitengenezea! Yako kawauzie samaki wa ziwani!"

"Cheka tu, mama," Bruno akajibu, akifuta jasho. "Hilo kabati lako litakuuliza umeamkaje?"

Tulicheka mtaa mzima. Baada ya mwezi ule hatukumwona tena.

Emil, mumewe Otilie, alifanya kazi katika kiwanda kilichotoa majokofu hayohayo. Kazi yake ilikuwa moja: mkanda unaleta bomba, yeye anakaza nati, mkanda unaondoka nalo. Jokofu zima hakuwahi kuliona mpaka lilipoletwa kwake. Jioni ile alilizunguka kama mtu atazamaye ng'ombe mnadani, akainama, akapapasa viungo vya bomba.

"Huenda hiki nilikikaza mimi," alisema.

"Basi tuko salama, bwana fundi," mkewe akamtania.

Emil hakucheka. "Fundi gani, Otilie? Mkanda wameuongeza mwendo. Nati inapita mkono haujaishika vizuri. Nyingine naziacha ziende. Nikiinua kichwa, nyapara yuko mgongoni."

Otilie alimpa bia ya baridi, wakayaacha hayo.

Joto lilipozidi, Otilie alianza kudhoofika. Nilimkuta ameegemea meza, macho mazito.

"Shoga, kichwa kinanigonga, na hii miguu kama si yangu."

"Fungua dirisha basi, upate hewa."

"Nifungue masizi yaingie, yaniharibie weupe wote huu? We!"

Pale jikoni palikuwa na harufu tamu kidogo, kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilidhani amesahau matunda mahali. Sikumuuliza.

Asubuhi moja Emil alirudi kutoka zamu ya usiku, na mara nikasikia sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake. Nilikimbia. Otilie alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye jokofu, mikono mapajani kama anayepumzika. Emil alimtikisa, akamwita kwa Kicheki, akamwita kwa Kiingereza. Alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Daktari alisema ni moyo. Ni baada ya watu wa ghorofa ya juu kuzirai wote mezani ndipo wakaguzi walipokuja, wakasema gesi ya kupozea majokofu, nayo ni sumu, ilikuwa ikivuja kwenye viungo vya mabomba.

Emil alikwenda kiwandani. Mwenyewe alinisimulia.

"Nataka kujua bomba la kwangu lilipita mkononi mwa nani," alimwambia nyapara.

"Yote ni mamoja, Vraz. Nani atalijua lako?"

"Ndiyo maana nauliza."

"Mkanda unapita. Shika nafasi yako au mpishe mwenzako."

Emil alivua aproni. Kabla hajavaa koti, mikono mingine ilikuwa tayari inakaza nati zake. Alihamia Nebraska kwa kaka yake, na sikupata habari zake tena.

Mwenye nyumba alileta mafundi, wakakaza mabomba, na chumba cha akina Vraz kikapangishwa wiki ileile. Nilimsihi mume wangu tuliondoe jokofu la kwetu. "Na nyama tuiweke wapi?" akaniuliza. Basi nililala madirisha wazi hata theluji ilipoanza.

Bibi harusi aliyepanga kwa akina Vraz alinigongea akiomba chumvi, akashangaa baridi ya jikoni kwangu. Nikamweleza yote. Alisikiliza, mkono mdomoni.

"Maskini!" akasema. "Lakini la kwetu si wameshalitengeneza?"

Nilimwambia kama nilivyoambiwa, kwamba ndiyo. Akashukuru, akachukua chumvi, akarudi kuwapikia wageni wake.